Uwanja wa Wote Usiwe Shamba la Bibi

Wiki hii twataka kusema juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachwa mwisho wa mkutano, watu wakiwa wamekwisha kuinuka na kukung'uta nguo. Jambo lenyewe ni uwanja wa wote: ile sehemu ya wazi, yenye majani na miti, ambapo mtoto hucheza bila kufukuzwa, mzee hupumzika bila kuulizwa amenunua nini, na msafiri hukaa kivulini akingoja chombo. Twasema hasa juu ya Kemondo, kwa sababu Kemondo ni mlango wa ziwa, na mlango wa nyumba ndio mgeni auonao kwanza.

Wako watakaocheka. Watasema bustani ni mambo ya Wazungu, sisi tuna mashamba. Maneno hayo twajua yalikotoka. Katika miji ya wakati wa ukoloni viwanja vya wazi havikuwekwa kwa ajili yetu. Pale Dar es Salaam, eneo la Mnazi Mmoja liliachwa wazi katika mpango wa mji ili kuyatenga makao ya Waafrika, upande wa Kariakoo, na sehemu za watu wengine. Uwanja ule ulikuwa ukuta usio na matofali. Mtu aliyeona mambo kama hayo hakosi sababu ya kuitazama bustani kwa jicho la shaka.

Lakini tazameni wananchi walivyoutumia uwanja huo huo. Mwezi wa Machi 1955, Mwalimu Nyerere aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, ni hapo Mnazi Mmoja alipouhutubia umati wa watu. Hata leo Mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama pale. Ardhi iliyoachwa wazi ili kuwatenga watu ikawa mahali pa kuwakusanya. Kwa hiyo basi, uwanja si wa Mzungu wala wa Mwafrika kwa asili yake. Uwanja ni wa yule anayeutunza na kuutumia.

RWEYA ILIKUWA BUSTANI YETU

Tena si kweli kwamba watu wa Bukoba na Muleba hawakuwa na ardhi ya wote. Kila mmoja wetu aijua rweya. Kibanja ni cha mtu na watoto wake: hapo ipo migomba, ipo mibuni, yapo makaburi ya wazee. Lakini ukitoka nje ya migomba ulikuta rweya, majani matupu yaliyonyooka hadi kijiji kingine. Ng'ombe walilishwa huko. Akina mama walikata huko majani ya kutandika nyumbani na ya kufunika shamba la migomba, na wengine wakalima vijishamba vya njugu mawe. Watoto walikimbia huko mpaka jua likazama. Hakuna aliyeiita bustani, lakini ilifanya kazi zote za bustani na nyingine zaidi.

Leo sehemu nyingi za rweya zimepandwa mikaratusi na misindano. Hatusemi kupanda miti ni kosa. Twasema kwamba mti uliopandwa na mtu mmoja katika ardhi ya wote huanza kuwa mti, kisha huwa mpaka, na mwisho huwa hati. Miaka kumi ikipita, mtoto aliyechezea pale huambiwa apite mbali.

Wazee wetu walikwisha kuona mchezo huo katika sura nyingine. Chini ya nyarubanja, mtu aliyelima kibanja chake kwa jasho lake alijikuta ni mpangaji wa bwana, akitoa malipo na heshima mwaka hata mwaka. Serikali ya Uhuru iliukata mpango huo kwa sheria ya mwaka 1965, na sheria nyingine ya mwaka 1968 ikawafungua wapangaji wengine wa kimila. Jambo lile lilikuwa kubwa, wala hatupaswi kulisahau. Lakini ni kazi bure kumwondoa kabaila kibanjani, kisha tukamwacha mwenye fedha kidogo aimege rweya kipande kwa kipande hali sisi twamtazama.

KEMONDO YAHITAJI NINI

Meli za Ziwa Victoria zimetia nanga Kemondo kwa miaka mingi, na abiria na mizigo hupita hapo kwenda na kurudi Mwanza. Mahali pa namna hiyo panahitaji nafasi ya watu kukaa. Msafiri mwenye mtoto mgongoni hakuumbwa asimame juani saa tano. Mvuvi aliyekesha majini astahili mti wa kuegemea. Vijana wenye mpira wastahili uwanja ambao hautageuka ghala kesho asubuhi.

Iko na sababu nyingine, nayo ni nzito. Tarehe 20 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilitoka Bukoba, ikapita Kemondo kuchukua abiria, ikashika njia ya Mwanza. Asubuhi ya tarehe 21 ilizama ikiwa karibu kufika, na mamia ya ndugu zetu wakafa. Wengi wao wamezikwa Igoma, Mwanza. Lakini wako waliosindikizwa hapa Kemondo, na waliowasindikiza walirudi nyumbani wakidhani watapata barua ya kufika salama. Watu hao na watoto wao wastahili mahali pa kukaa kimya wakitazama maji, penye kivuli na pasipo takataka. Kumbukumbu ya wafu wetu isiwe ya siku moja ya mwezi wa Mei tu.

Tarehe 10 Septemba 2016 nayo ilitufundisha somo. Tetemeko la ardhi lilipoupiga mkoa wa Kagera, watu walikufa, nyumba nyingi zikaanguka au kupasuka, na jamaa wengi wakalala nje kwa kuogopa kuta zao wenyewe. Siku ile hakuna aliyesema nafasi ya wazi ni anasa. Kila mtu alitafuta mahali pasipokuwa na kitu cha kumwangukia. Mji uliojengwa mpaka nafasi ya mwisho hauna pa kukimbilia.

MFANO UKO JIRANI

Hatuna haja ya kutafuta mfano Ulaya. Upande wa Maruku, si mbali na Kemondo, kiko kijiji cha Katuruka. Hapo ndipo masimulizi ya wazee yanapoweka makao ya Mfalme Rugomora Mahe wa Kyamutwara. Wazee husimulia kwamba mfalme yule aliamuru mnara wa chuma ujengwe hadi mbinguni, na kwamba mnara ukaanguka. Hapo Katuruka ulikuwako mti mkubwa ulioheshimiwa, ukiitwa Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia chuma.

Mtu asiyejua angeyaita maneno hayo hadithi za jioni. Mwaka 1970 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, alichimba mahali ambapo wazee walimwonyesha, akakuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka elfu mbili. Baadaye alichimba pia karibu na ghuba ya Kemondo yenyewe, akakuta mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma ya karne za mwanzo baada ya Kristo. Katika mwaka 1976 wazee waliowahi kufanya kazi hiyo ujanani walijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya wataalamu, na mwaka 1978 habari hizo zikachapishwa katika jarida la Science la Marekani. Ndugu zetu, sisi tunaoambiwa kila siku kwamba ufundi uliletwa na meli, tunakanyaga ardhi yenye majivu ya mafundi wetu wenyewe.

Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu zaidi. Mti wa Kaiija haupo tena. Wazee waliojua masimulizi nao walipungua sana, kwa umri na kwa maradhi. Mkoa wa Kagera ndio uliotoa habari za wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania mwaka 1983, na ugonjwa ule uliingia katika kila ukoo. Kumbukumbu nyingi zilizikwa pamoja na wenyewe. Mahali pale pangeweza kusahaulika kabisa.

Lakini kuanzia mwaka 2008 wazee na wananchi wa Katuruka walisimama. Walikwenda kwa wale wachache waliobaki, wanaume kwa wanawake, wakakusanya yale waliyoyakumbuka. Waliijenga upya nyumba ya kifalme iitwayo Buchwankwanzi kwa namna ya kale. Waliweka vitu vya kumbukumbu, wakasafisha njia, wakaanza kupokea wageni. Kazi ile ilianzia kijijini. Wageni na wataalamu walisaidia, lakini uamuzi ulikuwa wa watu wenyewe.

Somo la Katuruka ni hili: mahali pa wote panaweza kufufuka hata baada ya mti wake mkuu kuondoka, iwapo watu watakuwapo. Na kinyume chake pia ni kweli. Mti unaweza kuwapo, na uwanja ukawapo, lakini pasipokuwa na watu wanaojulikana kwa majina kuwa ndio walinzi, mahali hapo pamekwisha kufa.

KWA NINI MAMBO YA WOTE HUFA

Waswahili wana neno: shamba la bibi. Maana yake ni mali ambayo kila mtu aingia na kuchuma, wala hakuna aulizaye. Uwanja wa wote huwa shamba la bibi kwa urahisi sana. Mmoja hutupa takataka kwa sababu mwenzake alitupa jana. Wa pili hufunga mbuzi kwenye mche uliopandwa juzi. Wa tatu huweka kibanda cha siku moja kinachokaa miaka sita. Wa nne huchimba mchanga usiku. Ukiwauliza, kila mmoja atasema, "Kwani ni pako?" Swali hilo ni la kijinga, lakini halina jibu mahali ambapo hakuna aliyepewa kazi ya kujibu.

Wengine hudhani dawa ni amri. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru ziliahirishwa kwa agizo la Rais Magufuli, na nchi nzima ikaambiwa ishike mifagio. Kisha ukawekwa utaratibu wa kufanya usafi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Lilikuwa jambo jema, na barabara nyingi zilionekana uso wake kwa mara ya kwanza. Lakini kila mtu mkweli ajua kwamba siku moja ya ufagio haiwezi kushindana na siku ishirini na tisa za uchafu. Vivyo hivyo kwa siku za kupanda miti. Mche hupandwa mbele ya viongozi, watu hupiga makofi, wote huenda zao, na kuanzia mwezi wa Juni jua huimaliza kazi.

Nasi watu wa Bukoba tuna historia ya amri. Mwaka 1937 wakulima wa kahawa waliinuka kupinga kanuni za kilimo walizowekewa na serikali ya kikoloni. Si kwamba mkulima wa Bukoba hakujua faida ya kuitunza mibuni yake. Alikataa kuamrishwa juu ya kibanja chake na mtu ambaye hakumwuliza neno. Kazi ya kulazimishwa hufanywa mpaka msimamizi atakapogeuza kisogo. Kazi ya makubaliano huendelea hata msimamizi akiwa hayupo. Huo ndio mzizi wa siasa yetu yote, na uwanja wa Kemondo hauwezi kuwa na mzizi mwingine.

TUNAYO DAWA NYUMBANI

Basi dawa iko wapi? Iko katika jambo tunalolifanya kila mwezi bila kusifiwa na mtu: bujuni. Katika vijiji vyetu watu hujiunga katika vyama vya kusaidiana wakati wa ugonjwa na msiba. Kila mwanachama ajulikana kwa jina. Kiko kiwango cha mchango, iko siku ya kukutana, liko daftari, na iko adhabu kwa mwenye kukwepa. Msiba ukitokea hakuna anayeuliza nani atachota maji, nani atapika, nani atatoa fedha. Mambo yamekwisha kupangwa kabla ya kilio. Na mweka fedha hathubutu kuzila, kwa sababu kesho atakuwa na msiba wake.

Twauliza: watu wanaoweza kuendesha chama cha kuzikana kwa miaka na miaka bila afisa wa kuwasimamia, watashindwaje kuendesha uwanja mmoja wa kuishi? Hatushindwi kwa uwezo. Tunashindwa kwa sababu tumezoea kufikiri kwamba msiba ni wetu na uwanja ni wa serikali. Tukiutoa uwanja katika mafungu ya "mambo ya serikali" na kuutia katika mafungu ya bujuni, nusu ya kazi imekwisha.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo, nayo si magumu.

Kwanza, kamati ya watu wachache, wenye majina. Saba wanatosha. Wawemo akina mama wanaouza chakula, kwa maana wao ndio wanaokaa pale tangu alfajiri. Awemo mvuvi, awemo kijana wa bodaboda, awemo mwalimu, awemo mzee. Wachaguliwe katika mkutano wa hadhara, na wakae kwa muda maalum.

Pili, daftari la mapato na matumizi, lisomwe kwa sauti kila miezi mitatu na nakala yake ibandikwe ubaoni. Mchango mdogo unaoonekana ulipokwenda huzaa mchango mwingine. Mchango mkubwa uliopotea huua michango ya miaka kumi.

Tatu, asifukuzwe mtu anayetafuta riziki kwa haki. Tumeona mahali pengine uwanja ukisafishwa kwa kuwafukuza maskini, kisha ukaitwa umeendelea. Hiyo ni Mnazi Mmoja ya mkoloni iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Anayeuza ndizi za kuchoma apewe mahali pake, na alipe ada ndogo itakayomlipa mlinzi. Wanaoanika dagaa wapewe upande wao wenye upepo, nao waache njia. Bodaboda wawe na kituo chao nje ya majani.

Nne, miti ichaguliwe kwa akili. Mkaratusi hukua upesi, lakini hunywa maji mengi na chini yake majani hayastawi. Misizi na mitoma ni miti ya kwetu, na mwembe humlisha mtoto. Bukoba hupata mvua nyingi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo hatuna udhuru wa kukosa kivuli. Lakini mche huhitaji maji katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, na huhitaji uzio wa kuuzuia mbuzi kwa miaka miwili ya mwanzo. Kila nyumba kumi zipewe miche yao, na miche hiyo ihesabiwe. Afadhali miche ishirini iliyo hai kuliko elfu moja iliyopigwa picha.

Tano, choo na shimo la takataka vijengwe kabla ya benchi na maua. Uwanja usio na choo hugeuka choo.

ARDHI KWANZA, MAUA BAADAYE

Lakini yote hayo ni kujenga juu ya mchanga iwapo ardhi yenyewe haikulindwa. Watu wengi hupanda kwanza, kisha huuliza mipaka. Sisi twasema ianze mipaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya jumuiya kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na ardhi hiyo ikaandikwa katika daftari. Basi jambo na lipelekwe mkutanoni, lijadiliwe mchana kweupe, liandikwe katika muhtasari na kutiwa sahihi. Mahali palipo chini ya mamlaka ya mji, madai ya kutengewa eneo la wazi yapelekwe kwa njia hiyo hiyo ya mkutano na maandishi. Neno lisiloandikwa hupotea siku mwenyekiti anapobadilishwa.

Upande wa ziwa sheria iko pamoja nasi zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, hukataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ziwa lenyewe hukumbusha sheria hiyo likisahauliwa. Mwezi wa Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda mpaka kukipita kipimo cha mwaka 1964, na waliojenga ukingoni walijionea. Majani na miti havihami maji yakija. Huinama, kisha huinuka. Basi ni matumizi gani yanayofaa ukingo wa ziwa kuliko uwanja wa wote?

Na mipaka ikishapimwa, tupande milamula kuizunguka. Babu zetu waliupanda mmea huo mpakani mwa vibanja, na jina lake latokana na kuamua. Mlamula ukisimama, ugomvi hukaa. Hauhitaji saruji, wala hakuna awezaye kusema hakuuona.

Wasiosadiki kwamba wananchi wanaweza kulinda uwanja na waitazame Kenya. Mwaka 1989 ulikuwako mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park ya Nairobi. Mama Wangari Maathai alipinga kwa barua na kwa sauti, akatukanwa, lakini jumba halikujengwa. Mwezi wa Januari 1999 yeye na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti katika Msitu wa Karura, uliokuwa ukigawiwa wajenzi. Msitu ule wa zaidi ya hekta 1,000 haukuliwa. Mwaka 2009 wananchi wakaunda chama cha Friends of Karura Forest, wakashirikiana na idara ya misitu: uzio ukawekwa, walinzi wakapatikana, njia zikafunguliwa, na mahali palipoogopwa kwa majambazi pakawa mahali pa watoto kutembea. Ushujaa ndio uliouokoa msitu ule, na utaratibu ndio ulioutunza. Ushujaa bila utaratibu hudumu siku moja.

NENO KWA WANACHAMA WETU

Wako watakaosema: zahanati haina dawa, nanyi mwasema juu ya kivuli? Tunaliheshimu swali hilo. Dawa ni ya lazima, na hatutaacha kuidai. Lakini fedha za uwanja hazitoki katika kabati la dawa. Zinatoka katika saa mbili za Jumamosi, katika jembe lililoko nyumbani, na katika ada ya muuza ndizi. Tena watu waliojifunza kusimamia uwanja, kusoma daftari lao na kumwuliza mweka fedha wao, ndio hao hao watakaomwuliza mganga mkuu dawa zimekwenda wapi. Mazoea ya kuuliza huanzia katika vitu vidogo.

La mwisho ni neno letu kwa wanachama, na tunalisema bila kuzungukazunguka. Mkifanya kazi hii, msipande bendera yetu katikati ya uwanja. Nchi hii ina viwanja vya michezo vilivyojengwa kwa michango ya wananchi wote katika enzi ya chama kimoja, na vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992 vikabaki mali ya chama. Mpaka leo watu wananung'unika, na wana haki. Uwanja wa Kemondo usiingie katika hesabu hiyo. Mwanachama wetu awe wa kwanza kufika na jembe na wa mwisho kuondoka, akae katika kamati akichaguliwa, na akikosa kuchaguliwa afagie vile vile. Asiyekuwa wa chama chetu akipanda mti, tumchotee maji. Mtoto achezaye pale haulizwi kadi ya baba yake.

Kama tunaamini kwamba nchi ni ya wananchi, hapa ndipo pa kuonyesha: si katika hotuba ya jukwaani, bali katika kipande cha ardhi ambacho hakuna mmoja wetu atakayekirithi, na ambacho wote tutakiacha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo ufa wa Kemondo wazibika kwa mkutano mmoja, kamba ya kupimia, daftari la shilingi chache na machipukizi ya milamula ambayo kila kibanja kinayo. Kesho utahitaji mawakili.

Kwa hiyo tunawataka wanachama wote wa Kemondo na vijiji vya jirani walipeleke jambo hili katika mkutano ujao wa hadhara, wadai liwe la kwanza katika ajenda, na wasitoke mpaka majina saba yameandikwa na siku ya kupima mipaka imetajwa. Kazi ya jembe ianze kabla ya mvua zijazo.